Miye niligeuka kiti

Butembo, siku ya samedi, magaribi

Mpaka sasa niko nacheka peke yangu, batoto banazani nimelewa.

Mukaka wao, mama ya bwana yangu, iko mugonjwa kule Kanyabayonga. Barabara imefungwa, hajaona mutoto wangu Kavira hata mara moja. Kila foto ya telefone mutoto anatikisika, sura inapotea. Niliogopa Mukaka atakufa bila kuijua ile sura. Donc leo nilitoka soko mbio, nikapeleka Kavira kwa mupiga-foto.

Nikimuweka kwa kiti, analia. Nikimupakata, ananyamaza. Mais miye, nywele hazijasukwa, nguo ya kuuzisha samaki! Nikasema hapana, Mukaka asinione vile.

Mupiga-foto akanionyesha kwa ukuta foto ya Wazungu ba zamani sana: mutoto amekaa juu ya kitu kimefunikwa kitambaa.

"Angalia muzuri, Mama. Ile kiti iko na magoti. Ni mama yake. Mashine ya wakati ule ilikuwa polepole, basi mama anajificha, anashika mutoto asitikisike."

Akanikalisha, akanifunika kitenge, akaniwekea Kavira kwa magoti. Ndani nilicheka mpaka nikatetemeka.

"Kiti, tulia," akasema. Kavira naye akacheka, na foto ikatoka safi.

Tukaituma kwa telefone ya jirani ya Mukaka. Sauti ya Mukaka ikarudi, ndogo lakini ya kuchokoza:

"Mutoto nimemuona, ni baba yake kabisa. Sasa toa ile kitenge, Mama Kavira, nikuone na weye. Vidole yako nimekwisha kuona."