Mstari wa Mama, Tarehe Nane Aprili

Sparkhill, Birmingham
Tarehe 30 Machi

Kwa dada yangu Truphosa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila mgongo umeamua kuzeeka kabla yangu. Shemeji anaendeleaje na kifua? Na watoto, hawajambo? Barua hii anakuletea Brigid, yule nesi wa Harborne, kwa sababu kwenye simu wewe huongei, unahubiri, na mimi nina neno ambalo lazima nilimalize bila kukatizwa.

Kwanza nikueleze ninavyochoshwa. Naamka saa kumi alfajiri, napanda mabasi mawili hadi Northfield kwenye nyumba ya wazee. Nainua watu, naosha watu, nabadilisha mashuka. Hayo nayaweza. Anayenimaliza ni Mzee Lennox. Ni Mjamaika aliyeosha vyombo Amerika alipokuwa kijana, na huko akaambukizwa mchezo wa besiboli. Mezani ana kalenda ya kugeuza, isiyo na mwaka. Kila tarehe ina ukurasa unaoeleza yaliyowahi kutokea siku hiyo katika besiboli. Macho yake yamekwisha, kwa hiyo msomaji ni mimi. Nisiposoma, hatoi mkono uingie kwenye shati. Wazee saba wanangoja chai, nami nimesimama na shati nikisoma habari za watu waliodaka mipira kabla sijazaliwa. Na zote anazijua kwa moyo. Nikikosea mwaka, ananirekebisha.

Siku moja nilimwambia mchezo wenyewe hauna akili. Mtu anapiga mpira kwa rungu, unavuka ukuta na kupotea, halafu badala ya kupumzika anaanza kukimbia. Akaniuliza kama shule niliyosoma ilikuwa na paa. Akasema hata mpira ukivuka ukuta, sharti mpigaji azunguke, akanyage vituo vyote, amalizie alipoanzia, mahali wanapopaita nyumbani. Asipokanyaga nyumbani, hauhesabiwi.

Siku anayoingoja mwaka mzima ni tarehe nane Aprili. Ukurasa huo una mambo matatu. Mwaka wa 1974, kule Atlanta, mtu mweusi alivunja rekodi ya kuvusha mipira ukutani iliyokaa karibu miaka arobaini, ingawa alikuwa ametumiwa barua za kutishiwa kuuawa. Mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo, mtu mweusi wa kwanza kuwa meneja wa timu kubwa alianza kazi, naye, akiwa bado mchezaji pia, akavusha mpira mara ya kwanza aliposhika rungu. Mwaka wa 1993, mwingine akavusha mara mbili katika zamu moja ya timu yake, kwanza akipiga kwa upande wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Mzee Lennox alikuwa uwanjani siku ile ya 1974. Kwake hiyo ni Krismasi.

Habari ya 1974 ina mstari wa mwisho. Unasema yule mtu alipokanyaga nyumbani, mama yake alikuwa ameshuka uwanjani, akamkumbatia, hataki kumwachia.

Mwaka jana niliufikia mstari huo wiki tatu baada ya ninyi kumzika Mama bila mimi, karatasi zangu za ukaazi zikiwa bado serikalini. Niliuruka. Nikaendelea na 1975. Mzee akasema, rudi nyuma bwana mdogo, umemwacha mama. Nikamwambia nimechoka macho. Akanyoosha mkono mwenyewe nimvishe shati. Sijawahi kumwona akitii namna hiyo, na iliniudhi kuliko ukaidi wake.

Sasa dada, sikiliza. Nilikuambia Jasumati, msimamizi wetu, amekataa nisije kwenye ukumbusho wa Mama tarehe kumi na moja. Nasikia umemwombea kanisani apate adabu. Jasumati hana kosa. Likizo alinipa siku ileile niliyoomba. Ni mzaliwa wa Kisumu, anajua ukumbusho ni nini. Ni mimi niliyeirudisha. Nilimwambia Jasumati kwamba Mzee Lennox hawezi kusomewa na mwingine siku yake kuu. Alinicheka kwa Kiswahili chake cha Kisumu, akasema likizo ya Onyango ni kama mvua ya redioni, inatangazwa tu. Mzee alipopata habari kwamba nimemfanya kisingizio, alikasirika, akakataa uji siku nzima.

Ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa kusimama pale kaburini watu wakinitazama, mtoto ambaye hakutupa hata udongo.

Jasumati amenirudishia likizo, na tiketi nimekata. Asubuhi ya tarehe nane nitamsomea Mzee ukurasa wote, pamoja na mstari wa Mama. Kisha nitapanda ndege. Msinipokee kwa nyimbo. Nisubiri langoni wewe peke yako, unipeleke kwake kwanza, ndipo tuwasalimie watu.

Msalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani. Na Jumatano mkikutana kanisani, mwondoe Jasumati kwenye maombi. Niweke mimi.

Ndimi mdogo wako,
Ronald Onyango