Mgeni Aliyeondoka Bila Kula

Kaisho, Karagwe
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Na wewe Tereza, mke wa kaka, unayemsomea mama barua hii na kumgeuzia kwa Kihaya, nakuomba usiruke hata neno moja. Mara iliyopita uliruka habari ya homa yangu ili mama asihangaike, naye akaja kuisikia sokoni kutoka kwa watu baki. Soma yote. Mama amezika wengi kuliko sisi, atayabeba.

Mgongo unaendeleaje, Mama? Bado unainama kwenye mibuni, wakati nilikukataza? Najua utajibu kwamba kahawa haijichumi. Na ule mlango wa jikoni, kaka ameshautengeneza, au bado anaahidi? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyo ndio hauko mahali pake.

Uliniuliza nitarudi lini Muleba, na kama huku hakuna hata mwanamume mmoja mwenye macho. Wenye macho wapo, Mama, ila wanayatumia kutazama ng'ombe. Nilitaka barua yote iwe ya mzaha namna hii, ucheke kidogo. Nimeshindwa. Konsolata amekufa.

Konsolata, mke wa Felisiani, ndiye yule aliyenipokea siku niliposhushwa na lori, mimi Mluteri peke yangu katikati ya Wakatoliki, sanduku mkononi, sijui pa kulala. Alinipikia ndizi na maharage, akanicheka jinsi ninavyokichanganya Kinyambo chao na Kihaya chetu, akacheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo sikuwahi kujisikia mgeni. Na ndiye aliyekuwa akiwakusanya wanawake wenzake kubeba maji ya kukandia udongo wa matofali ya nyumba ya wazazi, yaani ya kuzalia. Wakichelewa aliwaita kwa majina kutoka kilimani, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo.

Nyumba hiyo niliwahi kukugusia, lakini ngoja nikueleze vizuri, maana mambo yote yameshikana nayo. Tangazo la serikali lilisomwa barazani kwamba watu wakisimamisha wenyewe kuta za nyumba ya kuzalia, zikapita juu ya madirisha, serikali itawapa ruzuku. Yaani mabati, saruji, vitanda, dawa, na mshahara wa mkunga. Lakini ruzuku ni moja tu kwa upande wetu huu mwaka huu, na bwana mmoja wa Kizungu angepita kila mahali kutazama ni watu gani wanaostahili. Mimi mwenyewe, mkunga wao, niliwekwa hapa kwa kungojea ruzuku hiyo. Wamisheni walionisomesha walisema wazi kwamba Kaisho isipoipata, watanipeleka kwingine.

Ungewaona watu hawa walivyofanya kazi, Mama! Kila kitongoji kilikuwa na siku yake. Wazee wenye magoti mabovu walikaa chini kukata nyasi za kuchanganya na udongo. Mkuu wa kijiji, Ta Laurenti, ambaye wote tunamwita Ta kama baba yetu, mzee mpole ambaye hata mbwa akimfukuza humwambia tafadhali, alikuja kila asubuhi kupima ukuta kwa fimbo yake, kana kwamba umeota usiku. Ukabaki upande mmoja tu, ule wa kuelekea barabarani, na bwana wa ruzuku alikuwa anatazamiwa wiki ile ile. Tulisema tutaumaliza, tena tutabakiwa na nafasi ya kufagia.

Konsolata akajifungua asubuhi, nyumbani kwake, mtoto wa kike, salama kabisa. Kisha damu ikaanza. Nilifanya yote niliyofundishwa, Mama, kwa mikono yangu hii miwili. Dawa ya kuzuia damu sikuwa nayo. Ilikuwa katika zile zitakazoletwa na ruzuku. Wanaume wakamlaza kwenye machela tukashika njia ya kwenda barabarani kutafuta lori, yeye amenishika kidole. Tulipofika mwisho wa migomba akasema, "Nesi, mbona baridi?" Nikavua khanga yangu nikamfunika. Hatukufika barabarani. Wanaume waligeuza machela wenyewe, bila mtu kuwaambia.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Wanawake ndio walionituliza mimi, badala ya mimi kuwatuliza wao.

Sasa unajua desturi. Hata kwetu ipo, lakini huku wanaishika zaidi. Kijijini kukiwa na msiba, jembe halishikwi. Anayelima wakati jirani anaomboleza ni kama amefurahia. Basi kazi ya ukuta ikasimama. Nilimfuata Ta Laurenti matangani, nikapiga goti, nikasema, "Ta, sisemi watu walime. Nasema wakande udongo tu. Nyumba hii kama ina mwenyewe, ni Konsolata."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, udongo huo tunauchimba kwa nini? Kwa jembe. Na udongo ni ule ule tuliomfunika nao juzi. Utanipa uso gani wa kumtazamia Felisiani?"

Nikamwendea Felisiani mwenyewe. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mgongo kwenye ukuta. Akasema wajenge tu. Lakini akasema hivyo huku machozi yanamchuruzika, na wazee waliomsikia wakanikemea kwamba namsumbua mfiwa. Walikuwa na haki, Mama.

Isitoshe, Ta Laurenti hakuwa na wasiwasi. "Mgeni akija tutamweleza," alisema. "Hata Wazungu hufiwa. Atatazama kuta tatu, ataona hatukuwa wavivu." Na mimi niliamini hivyo hivyo.

Siku bwana alipokuja, nilikuwa kwa Felisiani nikimnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Tulisikia motokaa. Nikajua watakuja kuniita baada ya chakula, ndivyo tulivyopatana, maana mimi ningeeleza habari za wazazi na yale tunayopungukiwa. Nikamaliza kumlisha mtoto, nikanawa, nikavaa gauni langu jeupe, nikaketi kungoja. Hawakuniita. Mwishowe akaja mke wa Ta Laurenti, ameshika kichwa. "Mgeni amekwenda! Kuku bado yuko chunguni!"

Nitakueleza kama nilivyoelezwa. Bwana alishuka na karani wake, akausogelea ukuta, akauliza watu wako wapi. Na wewe unajua, Mama, mtu wa huku hampokei mgeni kwa habari ya kifo. Kwanza mgeni aketi, anawe, ale, ndipo aambiwe kwa utaratibu kwamba nyumba hii ina msiba. Kumrushia kifo mtu aliyesimama, tumbo tupu, vumbi la safari bado usoni, ni kumtukana, tena ni kumletea mkosi. Ta Laurenti hajawahi kufanya jambo kama hilo maisha yake yote. Kwa hiyo akajibu, "Watu wako majumbani leo, bwana. Karibu kwanza, ule."

Bwana akasema ahsante, ameshakula, ana safari ndefu. Akauliza tena, kwa nini hawafanyi kazi, hawakujua kwamba anakuja? Ta Laurenti akasema, "Walijua, bwana. Karibu kwanza, ule." Wazee wengine nao, wote waliokuwapo, wakaitikia kwamba ale kwanza. Karani akatafsiri. Bwana akatazama saa yake, akaandika kitu, akapanda motokaa, wakaenda.

Ole wetu! Niliposikia nilipiga kelele. Nilimwambia Ta Laurenti maneno ambayo binti hamwambii mzee, nawe ungenichapa kofi kama ungekuwapo. Nilisema adabu yake itawaua wanawake wote wa Kaisho. Yeye alikuwa ameketi mbele ya meza iliyotandikwa, sahani zimefunikwa, anafukuza nzi.

Kesho yake nilipata lori la kahawa mpaka Omurushaka, kwa kuwa tulisikia bwana amelala pale. Nikamkuta kwenye nyumba ya wageni wa serikali, barazani, anakunywa chai na mkate. Sikungoja karani. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, nimesimama, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwambia kwamba watu aliowaona wavivu walikuwa matangani, na waliyemlilia ni mama aliyekufa kwa kukosa nyumba ile ile aliyokuja kuitazama.

Hakuwa mtu mbaya, Mama. Ningefurahi kama angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia. Aliweka kikombe chini. Akasema barua ya kukipa kijiji cha Kihanga ruzuku imekwisha kwenda Bukoba alfajiri, naye hawezi kuirudisha, kwa sababu Kihanga nao wamejenga vizuri na hawana kosa. Akasema tuombe tena mwakani. Kisha akauliza, kweli kabisa alitaka kujua, "Lakini kwa nini mzee hakuniambia? Nilimuuliza mara mbili."

Nikasema, "Hukula, bwana."

Hakuelewa. Na mimi sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Niliporudi, Ta Laurenti alikuwa ananingoja barabarani na fimbo yake. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi kwa maneno yangu, lakini yeye akatangulia. "Ulimwambia?" Nikasema nilimwambia. "Alikuwa amekula?" Nikasema, "Ndiyo, Ta. Alikuwa na chai na mkate." Akatikisa kichwa polepole. "Basi umefanya vizuri." Akageuka upande wa pili ili nisimwone, akalia, Mama, mzee yule, mabega yakimtikisika, na fimbo imemwanguka. Nikaiokota nikaishika tu, maana sikujua nimpe saa ngapi.

Matanga yameanuliwa tangu Ijumaa. Majembe yameshikwa tena, watu wamerudi kwenye mibuni yao na maharage yao, na kwenye ukuta hakuna aliyefika. Mvua imeanza kuula kwa juu. Mimi nimeambiwa nihamie Kihanga, nakwenda na lori la Alhamisi. Huko kutakuwa na mabati na vitanda na ile dawa, na nitawazalisha wanawake wa Kihanga kwa moyo wote, hawajanikosea kitu. Mtoto wa Konsolata anabaki kwa bibi yake. Anakunywa vizuri.

Lakini jana alikuja Domitila, mkwe wa Ta Laurenti, mimba yake ya kwanza, bado kitambo kidogo tu. Akasema, "Nesi, kabla hujaenda nifundishe. Damu isipokoma, nifanyeje?" Nikamfundisha. Mtoto anyonye upesi, tumbo lisuguliwe kwa nguvu, asiinuke. Akarudia yote bila kukosea, anahesabu kwa vidole kama mtoto wa mafundisho ya dini. Kisha akauliza, "Na nikiyafanya hayo yote, isikome?"

Nikasema, "Waambie waniite."

Akanitazama. "Wewe utakuwa Kihanga."

Mama, nilishika tumbo lake, nikasema mtoto amekaa vizuri, na ni kweli amekaa vizuri. Akanishukuru! Akaniachia kikapu cha mayai ya safari, akaenda zake polepole kati ya migomba, mkono kiunoni. Nakuomba, kanisani umtaje kwa jina. Domitila. Kila Jumapili, mpaka nikuandikie kwamba amenyanyuka na mtoto wake. Mimi nikiomba peke yangu naona sauti yangu haifiki.

Mpe kaka pole ya kazi, na umkumbushe mlango. Shangazi mwenye jicho bovu aambiwe nampenda, na asiuze ile dawa niliyompa. Mchungaji mzee msalimie kwa heshima. Watoto wote wapake mafuta vichwani kwa niaba yangu. Na wewe Tereza, kama ulilia ulipokuwa unasoma, mwambie mama ni moshi wa jikoni, ingawa hatakuamini.

Nakushika miguu, Mama. Ni mimi binti yako,

Leonora