Bunduki ya Mzee Bura

Jumapili, Katesh. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, ukungu mtupu, na baridi ya kumfanya mtu akose hata hamu ya kuoga. Kanisani nimeenda. Tulipoambiwa tutubu kimoyomoyo, nikajikuta namuwaza Mzee Bura badala ya Mungu.

Ngoja niandike, maana hili jambo litanimaliza.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Shafti za mashine za kusaga, bushi za trekta, hizo ndizo kazi zangu. Silaha sina kibali cha kuzigusa. Lakini mwaka jana Mzee Bura wa Nangwa alikuja na bunduki ya marehemu baba yake, leseni anayo, akasema risasi zake haziuzwi tena. Zilizopo zinafanana nazo, ila ni nene na ndefu kidogo. Fisi walikuwa wanammalizia mbuzi. Alinibembeleza wiki nzima na mimi, niseme ukweli, nikajisikia mkubwa. Mwanamke kuaminiwa kazi ya namna ile!

Nikapanua chumba cha risasi kwenye mtutu, hizo nene zikaingia. Kazi ikatoka safi, yaani safi kweli.

Sasa, ukishapanua, unafuta jina la risasi ya zamani lililogongwa kwenye mtutu, unagonga la ile mpya. Nyundo nilishaishika. Mzee akanizuia. "Mwanangu, hayo usiyaguse. Ndiyo maandishi pekee baba aliyojua kuyasoma." Nikaweka nyundo chini.

Yeye anajua, mimi najua. Tukaona inatosha.

Mzee Bura alifariki mwezi uliopita. Jana tumemaliza msiba, na baada ya chakula vitu vyake vikagawanywa. Bunduki akapewa mdogo wake, Baba Paulo, wakakubaliana wataenda kubadilisha jina kwenye leseni. Akaipokea huku analia. Kisha mjane akatoka ndani na kopo la maziwa lenye kutu, limejaa risasi za zamani za baba yao. Baba Paulo akasoma jina lililoko kwenye risasi, akasoma la kwenye mtutu, akatabasamu. Yanalingana.

Yanalingana, jamani!

Risasi ile itaingia, na hapo ndipo balaa lilipo. Itakaa imelegea, ganda linaweza kupasuka, na moto ukarudi nyuma usoni kwake. Ninajua hivyo, na bado nilisimama pale na sahani yangu ya makande, nikanyamaza. Niliogopa macho ya watu. Niliogopa karakana kufungwa. Nikasema nitamwambia pembeni, halafu nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani.

Tangu hapo namwona Mzee Bura. Nikiinua macho kwenye mashine, amekaa kwenye stuli ya wateja. Sijawahi kuwa mtu wa mambo hayo. Leo nimeitoa stuli nje, na bado nageuka kutazama ilipokuwa.

Mchana nimempigia Baba Paulo. "Shikamoo baba." "Marahaba, mama fundi." Nikamwambia yote, bila kuficha. Akacheka. Akasema jana jioni alipiga moja ya zile za kopo hewani kumuaga kaka yake, ikalia vizuri tu, na leo giza likiingia anakwenda kuwavizia fisi. Akaniuliza kama naitamani hiyo bunduki. Akakata. Nimempigia mara sita, simu haipatikani.

Moja imetoka salama. Nitamwambia nini sasa mtu aliyejionea mwenyewe?

Saa kumi na dakika kumi. Nimeshavaa koti. Polisi Jumapili hawafungi. Nitawaambia ni mikono yangu, waniandike wanavyotaka, mradi waende Nangwa kabla jua halijazama. Karakana kama itafungwa, ifungwe.

Ila wakiniuliza kwa nini sikusema jana, mbele yake, bunduki ikiwa mikononi mwake, itabidi niwaambie nilikuwa nimeshika sahani ya makande.