Zamu ya chai

Mizue, usijifanye hukuona. Uliinamia simu makusudi!

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya Kotoha wangu kwenye mazoezi ya mpira. Kocha Iwakiri akapiga filimbi, wavulana wakaingia uwanjani, na mwanangu naye akakimbia. Kocha akamwita arudi!

"Wewe binti, njoo. Kina mama wa zamu ya chai leo ni wachache. Niletee ya moto."

CHAI! Mtoto wa miaka saba!

Nikamwambia, "Kocha, huyu amekuja kucheza." Akanijibu, "Tulia, Mama Kotoha. Mimi namfundisha kuwa mke mzuri, bure kabisa." Na wenzetu wakacheka. Wakacheka, Mizue!

Kotoha akammiminia kwa mikono miwili, kisha akaninong'oneza, "Mama, nikimimina vizuri ataniruhusu kucheza?"

Hakumruhusu.

Sisi wawili tulishikishwa birika kwenye uwanja huohuo tukiwa darasa la tatu, na wewe ndiye uliyelia. Mimi sijasahau.

Sasa wewe ndiye unayepanga hizo zamu. Zifute! Andika kwenye kundi la wazazi sasa hivi: Jumapili Kotoha anacheza, na kocha aje na chai yake. Nasubiri kuuona ujumbe huo.