Masale Yaliyokuwa Uwanja wa Magari

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kibosho tu wazima, na bibi yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini sikanyagi uwanja wa mbio za magari.

Ardhi ya uwanja huo ilipopimwa, nilikuwa karani kijana wa wapimaji, mwoga wa kufukuzwa. Mzee mwenye shamba alinionyesha masale, mimea ya majani marefu, aliyoyapanda. "Mama yangu amelala hapa," akasema. Bosi wangu akacheka: "Kaburi ni saruji, bwana. Hayo ni majani." Mimi ni Mchaga, nilijua kwetu masale ndiyo alama ya kaburi. Lakini kwenye ripoti niliandika, "Hakuna kaburi."

Leo pale wanabadilisha matairi ya magari ya mashindano.

Miaka mingi baadaye nilijikaza, nikampelekea yule mzee jani la sale, kama tunavyoombana radhi huku. Nikakuta ameshafariki. Kaburi lake wanawe wamelijengea kwa saruji.

Babu yako