Hasira Yako Ilichelewa, Baba

Baba yangu mpendwa, mkaidi usiye na mfano,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu ni wewe uliyetufundisha kwamba mtu akiwa na neno moyoni juu ya mtu wa nyumba yake, alitoe, asikae nalo likaozea ndani. Basi nalitoa. Nimekukasirikia wewe, na uko chini ya saruji huko Mgange, kando ya migomba yako, wala huwezi kunijibu hata kwa ule mguno wako.

Jana nilikuwa darasani hapa Voi nikifundisha kidato cha nne. Mada ilikuwa kromosomu. Niliwachorea ubaoni, nikawaeleza kwamba kila chembe ya mwili ina kromosomu arobaini na sita, zimepangwa mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kwamba yai linapoumbwa kila jozi huachana ili mtoto apate nusu huku na nusu kule. Mara nyingine jozi moja inakataa kuachana. Ikiwa ni ile ya ishirini na moja, mtoto anazaliwa na moja ya ziada, na huyo ndiye mtoto mwenye hali ya Down. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hivyo ni mama ndio alikosea?"

Wenzake wakamkodolea macho, maana wote wanamjua binti yangu Mghoi, mwenye hali hiyo hiyo. Humwona pale getini akinisubiri jioni, akikumbatia kila anayepita. Nikamjibu kwamba hakuna aliyekosea. Akauliza tena, "Sasa ilitokea tu?" Nikasema ndiyo, ilitokea tu. Akaandika kwenye daftari, lakini uso wake ulisema hajakubali hata kidogo. Ulikuwa uso wako, Baba, mzima mzima. Nilirudi kwenye ofisi ya walimu nikakaa na vumbi la chaki mikononi, na nilikuwa na hasira hata chai sikuitamani.

Kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyokuambia miaka yote, nawe ukayakataa mpaka ukafa.

Unakumbuka siku niliyomleta Daudi nyumbani kutoka kwao Bomeni? Tumbo langu lilikuwa limeshajitokeza, na wewe hukuwa umemwona yeye wala kupokea wazee wake. Mama alikuwa amepika kimanga kile unachokipenda, kimepondwa vizuri na maharagwe. Ukakaa, ukaitazama sahani, ukainuka ukaenda kumwagilia kabichi, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo hiyo. Hukusema neno. Afadhali ungepiga kelele. Kwetu milimani kila mtu anajua kwamba hasira ya mzazi iliyofungiwa moyoni ndiyo inayoogopwa, ile isiyosemwa, maana ndiyo humshika mtoto. Daudi, mtu wa Taveta, alidhani huna njaa tu.

Kisha Mghoi akazaliwa. Macho yamepanda kidogo pembeni, kijiulimi kinachungulia, mwili laini kama unga uliokandwa. Kabla daktari hajatupa majibu ya damu, dada yako, Shangazi Mkawasi, alikuwa ameshatoa yake. Alisimama mlangoni mwa chumba changu akasema, "Huyu ameshikwa na moyo wa babu yake." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema jua limetoka. Nawe ukamwamini siku hiyo hiyo.

Ukashuka Voi na chupa ya maji ya chemchemi ya nyumbani. Wewe, mzee wa kanisa! Ukapiga funda, ukayanyunyiza kwa mdomo juu ya mtoto, ukasema kwa Kidawida kwamba kama ni hasira yako iliyomshika, imwachilie, imetoka yote, haikubaki. Kutasa kamili, kutema hasira kwa maji, kama babu zako walivyofanya. Nilicheka kidogo, nakumbuka. Niliona umekuja kupatana nami na hujui kuomba radhi kwa njia nyingine, na kwa kweli moyo wangu ulilainika. Nikainua mtoto nikakunyooshea umpokee.

Ukarudisha mikono nyuma.

"Ngoja kwanza atulie," ukasema. "Nisije nikamwongezea."

Nilidhani ni ya siku moja. Lakini ulikuja tena, na sisi tukapanda milimani tena na tena, na kila mara ilikuwa vile vile: funda la maji, maneno yako, na mikono nyuma ya mgongo kama askari. Mghoi akaanza kukaa, akaanza kusimama, akakufuata uani akijikokota kwa makalio, nawe ukawa unarudi nyuma hatua kwa hatua. Majirani walicheka kwamba Mzee anamkimbia mjukuu. Mimi sikucheka.

Ingekuwa ni mtu mwingine ningesema ana roho ngumu. Lakini ni wewe uliyenibeba mgongoni kutoka Mgange mpaka hospitali nilipoteleza na ndoo ya maji nikavunjika mguu, ukipanda na kushuka makorongo yale, ukiniimbia nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya ili nisahau maumivu. Mgongo wako ulikuwa na harufu ya moshi na majani ya viazi. Nilijua mgongo huo. Ndiyo sababu iliniuma kuona mtoto wangu ananyimwa.

Nikaamua kukufundisha. Mwalimu ni mwalimu. Mama alikuwa amekaa jikoni na ungo anachagua maharagwe, nikachukua kiasi nikayapanga mbele yako mawili mawili juu ya kiti. Nikakuonyesha jozi zinavyoachana, moja huku, moja kule. Kisha nikayabana mawili kwa kidole gumba, nikayasukuma pamoja upande mmoja. "Hivi, Baba. Haya mawili yalikwenda pamoja. Basi. Hiyo tu ndiyo iliyomtokea Mghoi."

Uliyatazama yale maharagwe kwa makini, na nikafurahi, nikajua nimekupata.

"Na nani aliyeyashikanisha?"

"Hakuna, Baba."

"Mama, hakuna kitu hufanyika bure. Wewe umeyabana na kidole. Hata hapo kulikuwa na kidole."

Uliniita mama kama ulivyoniita siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yako, na sauti yako ilikuwa ya upole. Ningekuweza kama ungekuwa mkali. Mama mzazi akakusanya maharagwe yake akayatia sufuriani, akasema tusimchezee chakula.

Sikukata tamaa. Nilitafuta hoja ambayo hata wewe usingeiruka, na niliipata. Nilikuja nayo sikukuu ya Krismasi. Nikakueleza kwamba yai alilotokana nalo Mghoi lilianza kuumbwa mimi mwenyewe nikiwa tumboni mwa Mama, likakaa hapo likisubiri miaka yote, likamalizia kujigawa mwezi ule ule niliopata mimba. Siku nilipokuja na Daudi, mtoto alikuwa ameshapata hesabu yake, chembe zake zote zikiwa na ile moja ya ziada. Alipoipata, wewe hukuwa umekasirika bado. Hukuwa hata unajua jina la Daudi. "Hasira yako ilichelewa, Baba," nikakuambia. "Ilipofika, kazi ilikuwa imekwisha."

Ulisugua goti lako. Kisha ukasema, "Hasira haina kalenda."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya maji. Ulisikia, najua ulisikia, maana ulikuja ukaiokota ukaisimamisha mahali pake.

Nikwambie sasa nililolielewa baadaye, jana nikiwa nimekaa na lile vumbi la chaki. Wewe uliona ni rahisi kubeba kosa kuliko kukubali kwamba hakuna kosa. Kosa lina dawa. Unaweza kulitema na maji. Lakini kromosomu iliyokwama tu, bila mtu kukasirika, bila mtu kusahau, bila Mungu kuadhibu, hiyo ungeifanya nini? Hata mimi kuna asubuhi namfunga Mghoi viatu, amechelewa kusema sentensi ambayo mtoto wa jirani ameisema zamani, natamani kungekuwa na mtu wa kulaumiwa. Nakuelewa, na bado nimekasirika. Wagonjwa wa selimundu, ambao habari zao nazifundisha darasani, wana jeni kutoka kwa baba na jeni kutoka kwa mama, zinaweza kufuatiliwa mpaka kwa mababu. Mimi sina hata hilo la kukupa.

Ulipolazwa, nilikuja na Mghoi. Ulikuwa umekonda, na mikono yako, ile mikono, ilikuwa juu ya blanketi. Ukaniita karibu.

"Amepona?"

"Haumwi, Baba. Hajawahi kuumwa."

Ukageuza uso ukaangalia ukuta. Hukuniamini. Yeye alikuwa amesimama hapo kando ya kitanda, amevaa gauni lake la njano, anakuita. Ungenyoosha mkono tu. Hayo ndiyo yanayonikasirisha kuliko yote, kwamba ulikuwa pale na yeye alikuwa pale.

Kwenye matanga Shangazi alinishika bega akaninong'oneza kwamba sasa mwenye neno ameondoka, mtoto atafunguka. Nilitamani kumwambia maneno mabaya, nikala andazi badala yake. Miezi imepita, Mghoi ni yule yule, anacheza kwaya nje ya mdundo na kuimba amina kabla ya wengine. Kwa hiyo sasa Shangazi anatafuta mwingine. Wiki hii ameuliza kama mama mkwe wangu kule Bomeni aliwahi kununa. Wewe uliteseka bure, na wala kuteseka kwako hakukumfunga mtu mdomo.

Jambo moja hukulijua. Mghoi anakukumbuka. Yale maji yako aliyapenda, alidhani ni mchezo wenu wawili. Nyumbani akitaka kunichokoza anachukua kikombe, anapiga funda, ananirushia, halafu anacheka na kusema, "Babu!" Kwake babu ndiye yule mzee wa maji. Mwalimu wake anasema zoezi hilo linamsaidia midomo kutamka vizuri, nami nashindwa kujua nicheke au nilie.

Jumapili iliyopita tulikuja kaburini kwako. Nilibeba maji ya ile chemchemi yako. Nilikuwa nimeamua kufanya kwa namna yako, labda hiyo ndiyo lugha unayoisikia. Nikapiga funda. Nilitakiwa kunyunyiza niseme kwamba kama nina neno moyoni juu ya Baba, limetoka, halikubaki. Nikasimama na maji mdomoni, na picha iliyonijia ni ile ya wewe unarudi nyuma uani. Nikayameza. Singeweza kusema uongo mbele ya kaburi lako.

Mghoi akaninyang'anya chupa. Akapiga funda kubwa, mashavu yakatuna, akakunyunyizia saruji yote mpaka kwenye msalaba. "Babu!" Kisha akalala juu yako, tumbo chini, mikono ameitandaza huku na huku, shavu kwenye saruji iliyolowa. Shangazi aliita kutoka jikoni kwamba nimtoe, hapo ni kaburini. Sikumtoa. Mara hii hukuwa na mahali pa kurudi nyuma.

Haikuwa wewe, Baba. Nimelisema kwa maharagwe, nimelisema kwa chaki, sasa nalisema kwa barua, na sina njia nyingine. Nitakuja tena na maji siku nitakapoweza kuyatema. Mpaka hapo kaa salama, na kama huko uliko mtu bado ana mikono, mshike mjukuu wako. Haumwi.

Ni mimi binti yako, mama yake Mghoi