Kazi ya Nyongo

Nyumba za Walimu,
Mlango wa mwisho, jirani na vyoo vya shule.
Jumapili, mchana wa jua kali.

Mpendwa Dada,

Salamu tele kutoka kwa mdogo wako. U hali gani huko? Mgongo umepoa, au bado ukiinama mpaka uombe dua kwanza? Na Shemeji bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Mimi mwili mzima, Mungu ashukuriwe. Kinachouma ni kichwa, na wanaokiumiza ni watoto wa watu.

Ujumbe wako kuhusu kazi ofisini kwa Shemeji niliupata. Kiti cha kuzunguka, feni juu, hakuna chaki wala kelele, na jibu mnalitaka kabla mwezi haujaisha. Dada, jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa ndiyo. Ila hebu sikia kwanza yaliyonikuta.

Unajua nafundisha biolojia kidato cha tatu. Muhula mzima nimeimba viungo vya mwili mpaka sauti ikakauka. Nimechora ini, nimechora figo, utumbo nimeuchora ubao mzima hadi mkono ukafa ganzi. Nikawapa jaribio. Nikakaa kusahihisha, chai pembeni, roho kwatu. Loo!

Eleza kazi ya nyongo. Mtu kanijibu: "Nyongo hutumbukia mambo yakiharibika." Kazi ya ini? "Kukatwa na maneno makali, hasa ya mwalimu." Kazi ya utumbo? "Watu wazima huuongea mikutanoni." Mwingine kaandika kuwa moyo hupigwa konde. Nilipouliza tofauti ya damu na maji, karibu darasa zima likajibu kuwa damu ni nzito kuliko maji. Hapo nilitaka kulia, maana hilo ni kweli na ilibidi niwape alama.

Mkuu wa shule akaniita. Akaniuliza, mbele ya mhasibu, kama nafundisha biolojia au methali. Nikatoka na karatasi zangu, nimefura kama andazi.

Kesho yake nikaingia darasani kuwapasha. Sura nimeikunja, maneno nimeyapanga toka nyumbani. Nikafungua mdomo na la kwanza kunitoka likawa, "Nyie watoto mmenikata maini!" Mara sauti kutoka nyuma: "Si ndivyo tulivyoandika, Mwalimu?" Wakaangua kicheko, na mimi mjinga nikacheka nao mpaka nikashikilia ubao. Ndivyo walivyo hawa, wanakuudhi hadi unataka kuwatupa dirishani, halafu wanakuvunja mbavu kabla hujalifikia dirisha. Lakini kicheko hakimfaulishi mtu mtihani, na nilirudi na hasira zangu vilevile.

Sasa yuko binti mmoja wanayemwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kupokea alama bila kukata rufaa. Akanifuata chumba cha walimu na karatasi yake. "Mwalimu, swali halikusema nyongo ya hospitali." Nikamwambia asinichezee, jibu analijua. Akakubali kuwa analijua. Akanieleza nyongo inavyotengenezwa kwenye ini, inavyohifadhiwa, inavyosaidia kuyeyusha mafuta, yote bila kukwama. Nikamuuliza, sasa mbona hukuandika?

Akatazama viatu vyake. "Mwalimu wa kwanza alisema atatufikisha mtihani wa mwisho, akapata kazi nyingine. Wa pili hata hakutuaga. Tulikuwa tunawasomea kwelikweli, Mwalimu. Sasa tumeona bora tucheke tu." Halafu akaniuliza, "Wewe unaondoka lini?"

Dada, hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeulizia basi. Na mimi ujumbe wako niko nao mfukoni! Uso uliniwaka. Nikamfokea: "Nani kakwambia naondoka? Siondoki mpaka mmalize! Na jaribio mnarudia, nyote!" Ulimi hauna mfupa, tayari limeshatoka.

Unadhani alifurahi? Thubutu! Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya, tutaona," akachukua karatasi yake akaenda zake. Toka siku hiyo sina raha. Afadhali angenitukana.

Basi mwambie Shemeji kiti ampe mwingine. Najua utanuna, na una haki, ulihangaika kwa ajili yangu. Nuna tu, Dada yangu. Mimi mwenyewe nimenuna. Nawachukia watoto hawa kila asubuhi mpaka kengele ya kwanza ilie.

Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie dawa ya kikohozi nitamtafutia. Wabusu mapacha, na uwaambie wasome, wasije wakamtesa mwalimu wa watu.

Mungu akulinde na nyumba yako yote. Nami niombee, Dada, kila ukiomba: nisije nikawa wa tatu.

Wako akupendaye hata akiwa amevimba kwa hasira,

Mdogo wako.